Upright: wima, mnyoofu, mwadilifu au mwaminifu? Uchague lipi na wapi

Ukikaa kwenye steshenari yoyote hapa Tanga mjini, iwe Ngamiani iwe Chumbageni, utaona watu wanakuja na karatasi za kila aina wanataka zigeuzwe, sivii, barua za udhamini, maelezo ya dawa, lile karatasi linalotoka kwenye boksi la friji, na katika maneno yanayowasumbua watu kuliko yanavyostahili hili la upright liko juu kabisa. Sio neno gumu jamani. Ni kwamba Mwingereza kalipa kazi mbili, kazi ya kitu kilichosimama na kazi ya mtu ambaye mwenendo wake umenyooka, na sisi hizo kazi tumezigawia maneno kama saba nane hivi, kila moja lina pahala pake, kwahiyo ukishika moja ukalipeleka kote lazima pahala fulani utaharibu, na kuna pahala ukiharibu mtu anaweza kukosa kazi au akaumia kabisa. Ndo maana nimeona niyapange yote sambamba niseme mimi nachagua lipi na kwa sababu gani.

Lenyewe linatamkwa aprait, mkazo mwanzoni. Ni up na right zimeunganishwa, na hiyo right sio ya mkono wa kulia wala sio ya jibu sahihi, ni right ya zamani yenye maana ya kunyooka, ndo hiyo hiyo iliyobaki kwenye right angle, pembe mraba ya nyuzi 90. Neno la kale hili, lipo toka enzi za Kiingereza cha kale kabisa na Wajerumani wanalo ndugu yake, aufrecht, nalo linabeba hizo maana mbili vilevile.

Tuanze na vitu.

Hapa ushindani mkubwa ni kati ya wima na kusimama. Wima ni neno zuri, la Kiswahili chenyewe, linatoka kwenye ule mzizi wa kale wa kusimama, lakini kwa sasa limekuwa neno la shule na la maandishi. Mstari wima na mstari mlalo, safu wima kwenye kompyuta, hapo halina mpinzani. Ila nenda saiti yoyote, hata hizi nyumba zinazopanda huku Raskazone, umsikilize fundi. Anashusha timazi kutoka juu ya tofali la mwisho, anaiacha ile kamba itulie mpaka kizito kiache kuyumba, anapima nafasi kati ya kamba na ukuta juu, anapima tena chini, vikilingana anakwambia "umesimama huu, bosi", visipolingana anasema umelala, na anakuonyesha umelala kwa ndani au kwa nje. Neno wima sijalisikia pale. Kwahiyo ukipewa maelekezo ya kufunga geti au kusimamisha tangi la maji na ndani yake kuna upright, na wasomaji ni mafundi, andika "isimame kwa timazi" na kila mtu ataelewa afanye nini na atumie kifaa gani. Ukiandika "iwe wima" wataelewa pia, lakini hawatajua unataka usahihi kiasi gani.

Alafu kuna tofauti ya upright na vertical ambayo hata watu waliosoma sana wanaipita tu. Vertical ni mwelekeo, basi. Upright ni kitu kizima kimesimama kwenye kitako chake. Nenda pale magofu ya Tongoni, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Pangani, kuna makaburi ya zamani yaliyojengwa na nguzo juu yake, nguzo nyingi zilishaanguka. Nguzo iliyobaki imesimama Mwingereza ataiita upright hata kama imeinama kidogo, sababu haijalala chini. Lakini ufa unaotoka juu kwenda chini kwenye hiyo nguzo ni vertical, hawezi kuuita upright, maana ufa hausimami, ufa unaelekea tu. Kwahiyo kama neno ni vertical tumia wima, ufa wima, mstari wima. Kama ni upright ya kitu, mara nyingi kusimama ndo kunakaa sawa. Angalia jahazi pia, mlingoti wake umesimama lakini umeinamia mbele, na nahodha anautaka hivyo hivyo. Ukisema uko wima umesema uongo, ukisema umesimama umesema kweli.

Sasa njoo kwenye lile neno la kwenye maboksi, keep upright, na ile mishale miwili ya kutazama juu. Nimeona limegeuzwa "weka wima", limegeuzwa "shikilia wima" (hili la mtu aliyefuata neno kwa neno), limegeuzwa "hifadhi katika hali ya wima". Mimi naandika "ISIMAME, USILAZE". Sababu ni kwamba anayebeba mzigo, awe kuli bandarini au kijana wa bodaboda, anachohitaji kujua ni kile asichotakiwa kufanya, na anachotaka kufanya siku zote ni kulaza, kwa kuwa mzigo uliolala hauanguki njiani. Mtungi wa gesi ndo mfano mkubwa, ule wa kilo 15 kwenye pikipiki unalazwa kila siku na kufungwa kwa mpira. Ndani ya mtungi gesi nyingi iko kama maji, juu ndo kuna nafasi ya mvuke na valvu iko hapo juu kwenye mvuke, ukiulaza yale maji yanafika kwenye valvu, na kikivuja kinatoka kimiminika ambacho kikigusana na hewa kinatanuka zaidi ya mara 200 ya ujazo wake. Usilaze. Neno wima peke yake halibebi hiyo hatari. Friji nalo ni hivyohivyo ingawa halilipuki, kompresa ina oili ndani, ukilisafirisha limelala oili inapanda kwenye mipaipu, ndo maana wanakwambia likifika lisimamishe uliache masaa kadhaa kabla hujachomeka umeme. Kwenye karatasi ya friji wameandika upright pahala zaidi ya pamoja, na huwezi kutumia tafsiri moja kote: pa kusafirisha andika usilaze, pa kuliweka jikoni andika lisimame sawasawa lisiinamie upande.

Ila pahala panaponitia wasiwasi kuliko pote ni kwenye dawa. Kuna dawa kama doksisaiklini, ambayo huku kwetu watu wengi wanaijua, ikikwama kwenye koo la chakula inaunguza, ndo maana maelezo yanasema unywe na maji mengi na ubaki upright kwa muda, mara nyingi nusu saa, usije ukameza ukajitupa kitandani. Sasa upright hapo haina maana ya kusimama. Ukikaa kwenye kiti uko upright. Ukiandika "simama wima kwa nusu saa" bibi wa watu mwenye magoti mabovu atasimama kweli nusu saa nzima ameshika mlango, au ataona shida kubwa ataacha dawa. Andika "usilale, kaa au simama". Ni maneno manne lakini yanambeba mgonjwa. Hivyohivyo kwa mtoto mchanga aliyemaliza kunyonya, wanaposema hold upright usiandike mshike wima kama nguzo, sema mweke begani acheue.

Na kwenye kukaa, sit upright, tunalo letu kabisa: nyoosha mgongo. Mwalimu wa madrasa anasema hivyo, mama anasema hivyo. Kaa wima inasikika kama amri ya jeshi. Kiti cha ndege ndo kidogo tofauti, pale wanaposema kiti kirudi upright kabla ya kutua ni ule mgongo wa kiti ulioulaza wanataka urudi ili kama kuna dharura aliye nyuma yako aweze kutoka, kwahiyo "inua mgongo wa kiti chako" imetosha.

Kutembea je? Walk upright utalikuta kwenye habari zote za watu wa kale, na sisi ndo wenye mali, nyayo za Laetoli kule kaskazini zina umri wa miaka kama milioni 3.6, timu ya Mary Leakey ndo iliyozifukua miaka ya 1970. Kutembea wima limezoeleka vitabuni na sio kosa, lakini msomaji anayelikuta mara ya kwanza anaweza kufikiri habari ni ya kuvimba kifua, wakati habari yenyewe ni kwamba hawakutumia mikono. Mimi naandika kutembea kwa miguu miwili. Jina la Homo erectus lenyewe, hapo ndo unaweza kusema binadamu aliyesimama wima, kwa kuwa unaeleza maana ya jina.

Yaliyobaki kwenye vitu ni madogo. Upright ya goli ni mlingoti wa pembeni, sio mtambaa panya. Piano ya upright ni ile iliyosimama kama kabati, nyuzi zake zinakwenda juu na chini ndani. Tupite.

Sasa tuje kwenye watu, na hapa ndo nina neno la kusema.

Fomu nyingi za kazi na za masomo ya nje zina swali kama, je mwombaji ni mtu wa upright character, na anayejaza ni mwenyekiti wa mtaa au mwalimu au shehe au padri. Karibu wote ninaowaona wanageuza kuwa mwaminifu. Kamusi za simuni nazo zinaleta mwaminifu. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo, mwaminifu sio mwadilifu, na kuchanganya hivi vitu viwili kumetuletea hasara ambayo sio ya lugha tu.

Mwaminifu linatoka kwenye kuamini, na ndugu yake ni amana. Ni mtu ambaye ukimwekea kitu utakikuta. Mtume Muhammad kabla ya utume watu wa Makka walimwita Al-Amin kwa ajili hiyo hiyo, walikuwa wanamwekea amana zao. Ni sifa kubwa sana, siidharau. Lakini ni sifa inayomtazama mtu mwingine, lazima uulize mwaminifu kwa nani. Ile ahadi ya mwanachama wa TANU wazee wetu walikuwa wanaisema kwa moyo, nitakuwa mwanachama mwaminifu wa TANU na raia mwema wa Tanzania na Afrika, unaona, mwaminifu wa TANU, ina wa kuelekea. Mume akiambiwa sio mwaminifu kila mtu anajua ni kwa mkewe, hakuna anayefikiri habari za kodi.

Mwadilifu haulizi kwa nani. Mchukue keshia wa duka la jumla. Tajiri yake anamsifu, miaka yote shilingi haijapotea, funguo anaachiwa, ni mwaminifu bila ubishi. Siku tajiri anamwambia ile mizani ya sukari ilegeze kidogo, kilo itoke gramu mia tisa na kitu, kijana anailegeza, na anaendelea kuwa mwaminifu, tena zaidi ya mwanzo. Mteja anayeondoka na sukari yake kwenye mfuko hakuibiwa na mwizi, kaibiwa na mtu mwaminifu. Mwadilifu ndo angekataa kugusa ile mizani. Na Mwingereza akisema upright man anamsema huyu wa pili, yule ambaye hata anayemlipa mshahara hawezi kumpindisha. Kwahiyo kwenye fomu, kama neno ni upright andika mwadilifu, na kama unamjua kwamba ni mwaminifu tu lakini hujawahi kumwona akikataa jambo, andika hivyohivyo mwaminifu na usimwongezee.

Kuna mama alikuja na fomu ya kijana wake akaniambia, "Mwanangu niandikie mwaminifu, uadilifu ni wa wakubwa, sisi watu wa chini hatuitwi hivyo." Nikamwambia, "Mama yangu, kijana alirudisha simu ya watu aliyoiokota dalala, na alipoambiwa na wenzie wagawane alikataa, huyo ni mwadilifu, hilo jina ni lake." Akacheka akasema basi andika. Lakini alichosema kina ukweli ndani, hili neno limekaa sana maofisini mpaka limeonekana lina tai. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, kiapo, ahadi ya uadilifu, semina, kote huko lipo, na mtu wa kawaida anaona ni neno la kuhutubia. Mimi naona tulirudishe mtaani. Mzaliwa wa Vibambani hapahapa Tanga, Shaaban Robert, alipotaka kumwandika mtu mwema kati ya ndugu wabaya alimpa jina Adili, na nduguze akawaita Hasidi na Mwivu, na Adili wake mwema ni mwema kwa wanaomdhulumu, hapo hakuna mambo ya ofisi.

Na hapa kuna kitu napenda watu wakijue. Wanaodhani Kiingereza peke yake ndo kimeunganisha kusimama na tabia njema wasikilize haya. Adili, maadili, uadilifu, yote ni mzizi mmoja wa Kiarabu, na kwenye mzizi huohuo kuna itidali, ile anayoijua kila aliyefundishwa sala: ukitoka kwenye rukuu, pale pa kuinama, unainuka mpaka unasimama sawasawa, kila kiungo kinarudi pahala pake. Mtoto wa madrasa anaijua itidali kabla hajalijua neno uadilifu, kumbe ni damu moja. Ndo maana mimi nasema mwadilifu ndo jibu la upright, limebeba kusimama sawa ndani yake japo wengi hatukioni, na mwaminifu halina hicho kitu kabisa.

Mnyoofu, au mnyofu kama wengine wanavyosema na kuandika, ndo mpinzani wa kweli wa mwadilifu na kuna siku namchagua yeye. Lina picha ya kitu kisichopinda, na kwenye Fatiha tunaomba njia iliyonyooka, anayesali zile tano za faradhi ana rakaa 17 kwa siku na kwenye kila moja anaomba hilo. Biblia ya Kiswahili nayo ina wanyofu wa moyo kwenye Zaburi. Kwahiyo ukiandika habari za dini, au za mtu wa mtaani ambaye hana cheo, mnyoofu linakaa vizuri, ni la joto kuliko mwadilifu. Jamaa mnyoofu, hana kona kona. Tatizo lake ni mawili. La kwanza, mtaani mnyoofu siku hizi linaelekea kuwa mtu asiye na hila, hata mpole anayeonewa, wakati mtu upright anaweza kuwa mkali kweli. La pili, kunyooka kwenyewe kumeshapata maana ya kuadhibiwa, utanyooka, wamemnyoosha, kwahiyo ukiandika "amenyooka" peke yake kwenye barua msomaji anaweza kujiuliza alikuwa amepinda lini na nani alimnyoosha. Tumia mnyoofu, usitumie amenyooka.

Mwelekevu. Hili nalitaja sababu Ayubu 1:1 kwenye Biblia ya Union Version imeandikwa mkamilifu na mwelekevu, na kwenye ile ya Kiingereza ya mwaka 1611 pahala hapohapo ni perfect na upright. Tafsiri nzuri kwa wakati wake. Leo ukisema mtoto mwelekevu watu wanaelewa mtoto anayeshika haraka unachomfundisha, kwahiyo nje ya kanisa liache.

Mkweli ni dogo kuliko upright. Msema kweli mpenzi wa Mungu, sawa, lakini kuna mtu hasemi uongo na bado anadhulumu, tena anakwambia wazi kabisa kwamba anakudhulumu. Mkweli ni jibu la honest kwenye upande wa maneno. Kama sentensi inahusu mtu kusema ukweli chagua mkweli, ikihusu hela chagua mwaminifu, ikihusu mwenendo wote ndo upande kwenye mwadilifu.

Mtu wa msimamo linavutia watu wengi sababu lina kusimama ndani yake na linafanana na upright kwa sura. Likwepe. Msimamo ni kutoyumba, haijalishi umesimama wapi, mchawi anaweza kuwa na msimamo, bosi anayekandamiza wafanyakazi ana msimamo wa chuma. Raia mwema ndo jibu la upright citizen, usihangaike kutafuta lingine, raia mwadilifu ni sahihi ila hakuna anayeongea hivyo.

Ukigeuza upande wa pili, unatoka Kiswahili unaingia Kiingereza, kuna mitego mingine, na hapa wadogo zetu wanaoandika barua za kazi ndo nawaombea wasome taratibu. Unataka kusema wewe ni mnyoofu, akili inakuletea straight, maana mstari ulionyooka ni straight. Usiandike I am a straight man. Kwenye Kiingereza cha leo mtu akijiita straight anatangaza habari za mapenzi yake, anavutiwa na jinsia nyingine, na anayekusoma atashangaa kwa nini unamwambia hayo kwenye barua ya kuomba kazi ya stoo. Straight kwa maana ya ukweli lipo bado, be straight with me, lakini hilo ni la kuongea na lina umbo lake. Erect nalo usilisogelee ukimsifu mtu, mahospitalini wanalo, eksirei ya kifua ya mtu aliyesimama inaandikwa hivyo, ila kwenye sifa za mwanaume linakwenda chumbani moja kwa moja.

Kujiita upright mwenyewe je? Mimi sikushauri. Kwa Kiingereza upright ni sifa anayopewa mtu na wengine, tena lina harufu ya zamani kidogo, la wazee wa kanisa na la mawe ya makaburi, kijana wa miaka 24 akijiandikia I am upright anaweza kueleweka kwamba yuko macho hajalala. Jiandikie honest na hardworking kama wengine wote, au trustworthy ukiomba kazi ya hela, na mdhamini wako ndo aandike a person of integrity, hilo ndo neno ambalo maofisi ya leo yanalitumia pahala ambapo zamani wangeweka upright. Upright liache kwa mdhamini mzee, padri au mwalimu mkuu mstaafu, akiandika an upright young man linamkaa vizuri mkononi.

Na yako yanayofanana nalo kwa mkia, nayo yanavurugwa. Downright sio kinyume cha upright, msije mkaandika downright man mkidhani ni mtu mbaya, downright maana yake ni kabisa, a downright lie ni uongo mtupu na downright honest ni mkweli kabisa kabisa. Outright ni moja kwa moja, kununua kitu outright ni kukilipia chote bila mkopo, kukataa outright ni kukataa papohapo. Forthright ndo linalokaribia, ni msema wazi, asiyezungusha maneno, na huyo anaweza kuwa mwadilifu au asiwe. Mdhamini akikuandika forthright jua kakusifu mdomo, bado hajakusifu mkono, kwahiyo kama kazi unayoomba ni ya kushika fungu la watu mrudie kwa heshima, mpe shikamoo yake, umwombe aongeze honest.